Mkanda, mlango wa visiwa vya Lamu

Msafiri aendaye Lamu kwa basi kutoka Mombasa huifuata pwani kwa takriban kilomita 340, lakini sehemu kubwa ya njia hiyo haioni bahari. Baada ya Malindi barabara hujitenga na ufuo, huvuka mto Tana pale Garsen, hupita Witu na Hindi, hadi Mokowe. Tangu mashambulizi ya 2014 katika mji wa Mpeketoni, mabasi yamekuwa yakisindikizwa na askari mara kwa mara. Mokowe lami inaishia majini, na abiria aliyekwishachoka ndipo anapoanza kuiona pwani yenyewe.

Gatini, magodoro, kreti za soda na mafurushi hushushwa kwenye mashua za mashine, na watu hukaa juu ya mizigo. Mwendo hautimii saa. Mikoko hubana njia, kisha huachana, na mji wa Lamu ukatokea mbele: kuta za matumbawe, majahazi yaliyotia nanga, punda wakingoja mizigo. Mji huu wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni wengi huishia hapo na kijiji cha Shela, na hiyo ni hasara, kwa sababu njia nzuri kuliko zote iko kaskazini zaidi.

Njia hiyo ni Mkanda, mkono mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara. Mashua za kwenda kisiwa cha Pate hupita humo ili kukwepa mawimbi ya bahari kuu, ambayo wakati wa upepo wa kusi huwa makali nje ya Manda. Shida ni kina. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa ya kuondoka haikai mahali pamoja: leo alfajiri, juma lijalo adhuhuri. Nahodha huhesabu siku za mwezi. Wakati wa bamvua maji hujaa sana na kupwa sana. Aliyechelewa hukuta tope. Hapo mashine huzimwa, baharia husimama omo na kuchoma pondo chini, akiupima mkondo kwa mikono yake, huku mizizi ya mikoko iliyojaa chaza ikipita karibu kiasi cha kuguswa.

Mikoko hiyo ndiyo iliyojenga pwani. Boriti zake zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Arabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Hata upana wa vyumba vya nyumba za kale za Lamu ulitokana na urefu wa boriti. Vyumba vile virefu na vyembamba vilipimwa, kwa kweli, msituni humu.

Mkanda ukiisha, ghuba ya Manda hufunguka ghafla. Upande wa bara huonekana kreni za Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Mbele ni kisiwa cha Pate. Abiria wa mji wa Pate hushukia Mtangawanda. Wengine huendelea kwenda Siyu, mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na wanakili wa misahafu, au Faza na Kizingitini kwa wavuvi. Kusini mwa kisiwa yamo magofu ya Shanga, ambako uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton miaka ya 1980 ulifichua mabaki ya msikiti wa karne ya 8, miongoni mwa ya kale kabisa Afrika Mashariki.

Baada ya Pate watu hupungua. Hupitwa Ndau, kisha Kiwayu, kisiwa kirefu chembamba ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyoanzishwa mwaka 1979. Upande mmoja bahari kuu hupiga miamba. Upande wa pili maji yametulia juu ya mchanga mweupe. Mashua haifiki ufuoni. Abiria huvua viatu, hupandisha nguo magotini na kutembea majini wakiwa na mizigo kichwani, wakati nahodha ameshageuza omo ili awahi Mkanda kabla maji hayajapwa.