Ruta ukutani: umeme uliokatika si umeme uliokatwa

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayetunza nyumba, siku hizi intaneti imeingia kambini na kiwandani. Imekuja na kisanduku chepesi kinachoitwa ruta. Wengi wanakiweka chini, karibu na meza, mahali ambapo mtoto anavuta waya na mguu unakikanyaga. Kukifunga ukutani ni vizuri zaidi. Lakini kazi hii ndogo inaweza kuua mtu.

Inaua namna gani? Ruta yenyewe haina nguvu. Nyingi za nyumbani zinatumia volti 12 tu. Hatari imejificha ndani ya ukuta. Humo mnapita waya za volti 220. Umeme wa miliamperi 30 tu, ukipita kifuani, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata mtu akafa.

Tuseme umeme umekatika jioni. Baba anasema: «Sasa ni wakati mzuri, waya zimekufa.» Anachukua nyundo na msumari mrefu, anapigilia juu tu ya prizi. Msumari unagusa waya. Hakuna kinachotokea. Baba bado anaushika msumari. Ndipo umeme unarudi, bila kubisha hodi.

Shika neno hili: umeme uliokatika si umeme uliokatwa. Uliokatika, mwingine ndiye atakayeurudisha, na hatakuuliza. Uliokatwa, umeukata wewe mwenyewe.

NYUMBANI

1. Fanya kazi hii mchana, umeme ukiwa upo. Chomeka taa kwenye prizi, iwake. Kisha kata umeme wote wa nyumba. Taa izimike mbele ya macho yako. Kama kuna grupu au betri za jua, zizime pia. Mwambie kila mtu nyumbani asiguse kitu.

2. Usitoboe juu, chini wala pembeni mwa prizi au swichi, ukifuata mstari wake. Huko ndiko waya hupita. Vaa miwani, maana vumbi la ukuta halina huruma kwa jicho.

3. Ukuta wa saruji unataka shevile na visi. Ukuta wa matofali mabichi haushiki shevile: funga ruta kwenye ubao uliopigiliwa kwenye mbao za nyumba.

4. Usipande kiti juu ya meza. Tumia ngazi: ikiegemea ukuta kwa urefu wa mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike.

5. Chagua mahali pakavu, penye hewa, mbali na mbabula na dirisha la mvua. Usifunike matundu ya ruta. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linayaziba: chomoa waya kwanza, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu.

6. Mawingu ya mvua yakikusanyika, chomoa ruta kabla radi haijafika. Ikishafika, usiguse waya tena.

KAZINI

Kiwandani ruta hufungwa ndani ya kabati la umeme, kwenye reli ya chuma yenye upana wa milimita 35. Unapachika kwanza ndoano ya juu, halafu unasukuma chini mpaka usikie «ka!» Vuta kidogo, uone kama imeshika. Acha nafasi ya hewa juu na chini yake, na waya za ruta zisilale pamoja na waya za nguvu.

Ni rahisi kama kutundika kofia. Lakini sentimita chache kutoka hapo kuna volti 380. Kwa hiyo, kama wewe si fundi wa umeme uliyepewa ruhusa, usifungue kabati hata kidogo. Mwite mwenye kazi. Na wewe fundi: kata, weka kufuli lako na kibao chenye jina lako, kisha pima. Jaribu kipimo chako mahali penye umeme kabla ya kupima na baada ya kupima, maana kipimo kibovu nacho kinasema «hakuna umeme». Ufunguo ukae mfukoni mwako, si kwa rafiki.

Ndugu, intaneti ikichelewa siku moja, hakuna atakayelia. Baba asiporudi mezani, nyumba nzima italia.

KATA. FUNGA. PIMA. Kisha ndipo utoboe.