Pepopunda: Amri ya "Acha" Inapopotea Mwilini

Ukipita Minago alfajiri, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, utawaona wavuvi waliorudi na ndagala wakivuta mitumbwi yao hadi mchangani. Mtazame mmoja avutapo kamba. Msuli wa mbele wa mkono wake hukaza, na papo hapo ule wa nyuma hulegea. Lau yote miwili ingekaza pamoja, mkono ungekuwa mgumu kama kafi, na mtumbwi usingesogea hata shibiri moja. Wengi hudhani kulegea ni kukosa amri. La hasha! Kulegea nako kuna amri yake.

Mtaalamu wa Uingereza, Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mahali ambapo chembe moja ya fahamu hupakana na nyingine alipaita sinapsi, mwaka 1897. Hapo pana mwanya mwembamba mno, na habari huuvuka kwa kemikali inayomwagwa upande mmoja na kupokewa upande wa pili.

Chembe moja ya uti wa mgongo iamuruyo msuli hupokea habari kutoka sinapsi maelfu. Baadhi husema "kaza", nyingine "acha". Chembe ikitulia, umeme wa ndani yake huwa kama milivolti 70 chini ya ule wa nje. Amri ya kuchochea huingiza sodiamu, na pengo hilo hupungua. Amri ya kuzuia aghalabu hufungua njia za kloridi, chembe ikashikiliwa palepale chini. Yote hujumlishwa. Pengo likishuka hadi kama milivolti 55, chembe hutoa ishara. Lisiposhuka hivyo, kimya. Askari wataelewa upesi: bunduki ama imelia ama haikulia, hakuna nusu mlio. John Eccles, mwanafunzi wa Sherrington, aliipima amri ya kuzuia ndani ya chembe huko Dunedin, New Zealand, mwaka 1951.

Hesabu hizi za umeme zaihusu nyumba yako kwa sababu ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni na katika mavi ya wanyama. Huingia kwa mwiba wa mchikichi, msumari wa mtumbwi au seng'enge. Sumu yao hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, ikazifunga vinywa hasa zile chembe za kuzuia. Basi amri za "kaza" huendelea kufika bila mpinzani. Taya hubana, mgongo hupindika kama upinde, na mlango ukibamizwa tu mgonjwa hukakamaa mwili mzima. Akili yake hubaki timamu, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi. Jina lenyewe lina pepo ndani yake, kwa hiyo si ajabu wengine hukimbilia kwa mganga huku saa zikipotea.

Dalili huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha. Dawa ya kupambana na sumu haiwezi kuitoa ile iliyokwisha kuingia katika chembe. Mgonjwa hungoja majuma mengi hospitalini.

Mtoto mchanga huipata kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa udongo. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba Burundi imefikia kiwango cha kuitokomeza pepopunda ya wazazi na wachanga, yaani chini ya mtoto 1 katika kila 1,000 wazaliwao hai kwa kila wilaya. Lakini vijidudu vingali udongoni. Mama mjamzito ambaye hajawahi kuchanjwa hupewa sindano 2, zikiachana kwa majuma 4 au zaidi, ya pili itangulie kujifungua kwa majuma 2 angalau. Kinga yake humfikia mtoto tumboni. Mtoto naye huchanjwa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Na aliyeugua akapona, naye achanjwe, kwa maana ugonjwa huu haumwachii mtu kinga.