Ujazo na Kilichomo: Kuzifikia Data za Sauti katika Kumbukumbu ya Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mkoa wa Mara una lugha nyingi za Kibantu zinazopakana: Kizanaki huzungumzwa Butiama, Kiikizu Bunda, na Kijita katika sehemu za Musoma na Bunda. Kijita ni lugha ya toni, nayo mifumo yake ya toni ilichambuliwa na Laura Downing katika kitabu alichokichapisha mwaka 1996. Siku hizi toni hupimwa kwa kompyuta, na baadhi ya watafiti hujiandikia programu. Makala haya yanaeleza jinsi programu inavyozifikia data za sauti, na yanadai kwamba dhana mbili, ujazo na kilichomo, zisipotenganishwa, kosa la programu laweza kudhaniwa kuwa sifa ya lugha.

2.0 Bafa na Sampuli

Sauti ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kikichukua baiti 2, sekunde moja ya mkondo mmoja huhitaji baiti 88,200. Vipimo hivyo huwekwa katika bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa kwa muda. Katika fonetiki, sampuli ni kipimo kimoja kati ya hivyo. Katika Media Foundation, mfumo wa Microsoft uliokuja na Windows Vista, sampuli ni kifurushi kinachobeba bafa pamoja na taarifa za wakati wa data hizo.

Programu huishika bafa, huisoma, kisha huiachia. Inapoishika hupewa mambo matatu: anwani ya baiti ya kwanza, ujazo wa bafa, na kiasi cha data halali kilichomo. Ikishaiachia, haipaswi kuitumia tena anwani ile.

3.0 Mfano

Tuchukulie kwamba mtafiti amerekodi maneno ya Kijita. Bafa yake ina ujazo wa baiti 88,200, lakini kipande cha mwisho cha sauti kina baiti 52,920 tu, sawa na sekunde 0.6. Programu ikisoma hadi mwisho wa ujazo, itachukua baiti 35,280 zisizohusika. Kwa kuwa bafa hutumiwa tena na tena, baiti hizo huenda zikawa mabaki ya neno lililotangulia. Hapo mchoro wa kidatu utaonyesha toni ya juu ambayo msemaji hakuitamka, na mtafiti ataitungia kanuni.

4.0 Hitimisho

Mchuuzi wa dagaa wa Musoma hauzi debe lililojaa nusu kwa bei ya debe zima, kwani anajua kuwa ukubwa wa chombo si wingi wa kilichomo. Istilahi zetu nazo zidumishe tofauti hiyo. Tunapendekeza “ujazo wa bafa” kwa nafasi iliyotengwa, na “kiasi kilichomo” kwa data halali. Neno “ukubwa” pekee lisitumike, kwa sababu linabeba maana zote mbili.