Simba na Nyumba za Sinza: Timu Ijengwe kwa Kasi Gani?

Ukipita Sinza jioni ya Jumapili, kuanzia Mori hadi Kijiweni, hukosi kuyasikia mabishano ya kandanda. Huyu atasema wachezaji wote wafukuzwe, waletwe wengine. Yule atasema waachwe wazoeane. Mmoja atatoa methali, "Haraka haraka haina baraka"; mwenziwe atamjibu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Magharibi huingia, kahawa ikaisha, na hakuna aliyeshinda.

Jambo hili si la mzaha. Baba anayetoa sehemu ya mshahara kununua tiketi, na mama anayemshonea mtoto jezi iliyochanika, wanayo haki ya kuuliza: timu kubwa ikianguka, ijengwe upya kwa kasi gani?

Jibu tulitafute katika historia ya karibu ya Simba.

Miaka ya ukame

Baada ya kutwaa ubingwa wa msimu wa 2011/12, Simba ilikaa misimu mitano bila kombe la ligi. Katika kipindi hicho walimu walipishana mlangoni: Liewig, Kibadeni, Logarusic, Phiri, Kopunovic, Kerr, Mayanja na Omog. Kila mmoja alikuja na mpango wake, na kabla mpango haujaota mizizi, mwenyewe alikwisha kuondoka. Huko si kujenga. Ni kuchimba msingi mpya kila mwaka mahali pale pale.

Mwaka 2017 fedha zilipatikana. Wakaja Emmanuel Okwi, Haruna Niyonzima, John Bocco, Aishi Manula, Erasto Nyoni na Shomari Kapombe. Ubingwa ukarudi msimu wa 2017/18, ukafuatiwa na mwingine mitatu mfululizo. Wengi wakasema: mnaona, timu hununuliwa kwa mwezi mmoja!

Lakini tutazame vizuri. Wageni hao waliwakuta nyumbani Jonas Mkude, aliyekulia katika kikosi cha vijana, Mohamed Hussein "Tshabalala", aliyesajiliwa mwaka 2014, na Mzamiru Yassin wa mwaka 2016. Fedha zilinunua bati. Nguzo zilikuwa zimekwisha kusimama.

Somo la jirani

Haki itendeke, tuwatazame na watani wetu wa Jangwani. Yanga nao walikaa misimu minne bila ubingwa, hadi mwaka 2021. Mwaka huo walimpata mwalimu Nasreddine Nabi, kisha wakawasajili mlinda mlango Djigui Diarra, kiungo Khalid Aucho na mshambuliaji Fiston Mayele. Msimu wa 2021/22 wakawa mabingwa bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Ununuzi ulikuwa wa haraka, ni kweli. Lakini Nabi aliachwa afundishe misimu miwili mizima, na yote miwili akatwaa ubingwa. Diarra na Aucho walikuwa wangali kikosini kombe la nne mfululizo lilipopatikana mwaka 2025. Hapa ndipo ilipo siri: walinunua upesi, wakabadilisha polepole.

Simba katika msimu wa 2023/24 ilifanya kinyume. Tarehe 5 Novemba 2023 ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Robertinho akaondoshwa, akaja Benchikha, naye akaondoka mwezi Aprili, na Juma Mgunda akamalizia msimu. Walimu watatu kwa msimu mmoja! Timu ikashika nafasi ya tatu, ikiwa sawa na Azam kwa pointi lakini nyuma yake kwa mabao.

Ndipo mwaka 2024 ukaja ujenzi mpya. Chama, Bocco, Inonga na Ntibazonkiza waliondoka. Akaletwa mwalimu Fadlu Davids pamoja na vijana wengi, miongoni mwao Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast. Kapombe na Tshabalala wakabaki kuwaongoza. Msimu huo huo Ahoua akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na timu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, iliposhindwa na RS Berkane ya Morocco. Ubingwa wa nchi uliamuliwa siku ya mwisho, Yanga iliposhinda 2 kwa 0 tarehe 25 Juni 2025.

Je, kazi ile ilikuwa imeshindwa? Hasha. Ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Lakini miezi michache baadaye Tshabalala alikwisha kuhamia Yanga, na Davids alikwisha kwenda Morocco. Fundi akaondoka, na nguzo moja ikang'olewa ikahamia kwa jirani.

Tujifunze kwa wazee wetu

Sinza yenyewe ilijengwaje? Katika miaka ya 1970 Serikali ilipima viwanja hapa, Kijitonyama na Mikocheni, ikapitisha barabara na maji, na mwananchi akaachiwa ajenge kwa uwezo wake. Watu waliinua chumba kimoja, wakahamia, kisha wakaongeza cha pili mshahara uliporuhusu. Hakuna aliyekibomoa chumba alicholala kabla hajaezeka kingine.

Timu kubwa nayo haina likizo ya ujenzi. Inalala ndani ya nyumba inayoijenga. Kwa hiyo wachezaji wapya wasajiliwe upesi, ila nguzo chache zisiguswe, na mwalimu asihukumiwe kabla ya msimu wa pili kwisha.

Nawe mwanachama, ukienda kwenye mkutano mkuu, usiulize tu, "Tumemsajili nani?" Uliza pia, "Nani anabaki, na kwa miaka mingapi?" Na timu ikifungwa, rudi nyumbani ule chakula na wanao. Hasira ya uwanjani isivuke kizingiti.