Kifuniko Kinasema 0W-20, Fundi Anasema 20W-50

Msomaji mmoja wa Kakamega ana Toyota Probox ya petroli iliyokuja nchini ikiwa imeshatumika Japani. Kifuniko cha kujazia oili kimeandikwa 0W-20. Fundi wake anasema hiyo ni oili ya nchi za theluji, nyepesi mno kwa joto la huku kwetu, na anamshauri aweke 20W-50. Sasa anauliza: asikilize fundi au kifuniko?

Kwamba oili hupunguza msuguano na injini ikikosa oili hukwama, kila dereva anajua. Twende moja kwa moja kwenye namba. Watu wengi huzisoma kana kwamba ni nyuzijoto, nazo sivyo. Ni madaraja ya mnato, yaani jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka, na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kuyapanga mwaka 1911. Namba ya pili hutokana na kipimo kinachochukuliwa oili ikiwa na nyuzijoto 100. Hapo daraja la 20 lina mnato wa 6.9 hadi 9.3, na daraja la 50 lina 16.3 hadi 21.9, kwa milimita za mraba kwa sekunde. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hupimwa kwenye baridi: 20W kwenye nyuzijoto 15 chini ya sifuri, na 0W kwenye 35 chini ya sifuri.

Kakamega haina baridi ya namna hiyo, na hapo fundi amesema kweli. Lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingi hewa huwa ya nyuzijoto 15 hivi. Injini iliyolala nje huamka na baridi hiyohiyo. Ikishapata moto, themostati na rejeta huizuia isipande ovyo, na oili hukaa karibu na nyuzijoto 100, gari liwe Kakamega au Tokyo. Kwa hiyo jua la mchana, ambalo fundi analiogopa, si hoja kubwa. Hoja ni ile alfajiri. Kwenye nyuzijoto 40 tu, 20W-50 ya kawaida huwa na mnato unaozidi mara tatu ule wa 0W-20, na kadiri baridi inavyoongezeka ndivyo pengo linavyopanuka. Pampu inapaswa kuisukuma oili hiyo nzito hadi juu kwenye kemshafti, na kuipitisha katika vijitundu vyembamba vya VVT-i, mfumo wa kurekebisha wakati wa vali kufunguka, ambao hufanya kazi kwa shinikizo la oili yenyewe.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: oili moja inawezaje kuwa na namba mbili? Kila oili hupungua mnato ikipata moto, na oili itokayo kwenye mafuta ghafi hupungua sana. Katika miaka ya 1930, mkemia Herman Bruson wa kampuni ya Rohm and Haas ya Marekani alitengeneza kiongezo cha polima, yaani molekuli ndefu mno zilizoungwa kipande kwa kipande, kinachopunguza tabia hiyo. Wako wanaoviita viongezo vya aina hii vinenezi, lakini jina hilo linadanganya, kwa maana lingemfanya mtu adhani vinaifanya oili nzito kwa kiwango kimoja, iwe baridi au moto. Mimi naviita vidumisha-mnato, kwa sababu ndiyo kazi yao.

Mfikirie jongoo, yule mnene anayeonekana kwenye vijia vya msitu wa Kakamega baada ya mvua. Akiguswa hujiviringisha akawa kidonge. Chukua majongoo mia waliojiviringisha, uwatie kwenye mfereji wa maji: watabingirika na maji yatapita bila shida kubwa. Sasa wote wajinyooshe. Ni walewale mia, uzito uleule, lakini kila mmoja anashika eneo pana, anagusana na jirani yake, na maji yanaanza kupita kwa taabu. Polima ndani ya oili hufanya hivyo. Oili ikiwa baridi, molekuli hujikunja, kwa hiyo haziongezi mnato mwingi. Ikipata moto, hujikunjua na kutanuka, na wakati oili yenyewe inalegea, zenyewe zinazuia. Ndiyo maana inaanza alfajiri kama oili nyepesi na kufanya kazi mchana kama oili nzito zaidi.

Jongoo wetu ana mawili zaidi ya kutufundisha. Mfereji ukienda kasi sana, majongoo hugeuka wote wakaelekea upande wa mkondo, na maji hupita kwa urahisi tena. Kwenye beringi za krenki, ambamo oili hubanwa katika nafasi nyembamba mno, molekuli hujipanga vivyo hivyo na mnato hushuka kwa muda, kisha hurudi. Kwa sababu hiyo SAE hupima oili pia kwenye nyuzijoto 150 ikiwa inasagwa kwa kasi kubwa mno. Na jongoo akivutwa pande mbili hukatika. Molekuli ndefu nazo hukatika, mara nyingi karibu na katikati, na nusu mbili zikijumlishwa haziwezi kuzuia kama ile moja nzima. Hasara hiyo hairudi. Oili inaweza kuonekana imejaa kwenye kijiti cha kupimia, kumbe daraja lake limeshashuka. Hii ni sababu mojawapo ya kuibadilisha kwa wakati, hata kama haipungui na haivuji. Oili za sintetiki huhitaji polima chache, kwa kuwa msingi wake hubadilika kidogo tu kwa joto. Na mfano wa jongoo una mpaka wake: si polima zote zinazotanuka kwa kiasi kimoja.

Mengine kwa haraka. Injini iliyochakaa inayokula oili inaweza kuhitaji daraja moja zaidi, lakini ndani ya orodha ya kijitabu cha gari. Injini za petroli hutafutiwa alama ya API inayoanza na S, za dizeli ile inayoanza na C. Kwa petroli, SP ndiyo iliyoanza mwaka 2020 na SN ilikuwa ya 2010. Kwa bodaboda tafuta alama ya JASO MA, kwani klachi yake huoga kwenye oili ya injini na oili nyingi za gari zina vilainishi vya kuifanya iteleze. Nunua kopo lenye lakiri isiyoguswa. Oili chafu isimwagwe mtaroni, kwa maana mtaro wa mji huishia mtoni.

Basi jibu langu kwa msomaji: sikiliza kifuniko. Kama 0W-20 haipatikani au bei imekushinda, angalia kijitabu. Kikiruhusu 5W-30, weka hiyo bila wasiwasi. 20W-50 iache kwa injini zilizoundwa kwa ajili yake. Na fundi wako msomee kijitabu hicho mkiwa pamoja, maana kuna Probox nyingine nyingi zinazopita mikononi mwake.