Mabwana wa Ziwa (5): Rumaliza, Bwana Asiye na Parseli Uvira

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kuingia majumbani Kalundu na Kavimvira, hapa Uvira, kila mtu alizungumzia parseli: nani atawapa waliohama kiwanja pakavu, mwami, serikali au mwenye pesa? Mabishano hayo yamenirudisha kwa Rumaliza. Katika sehemu zilizotangulia mmekwisha kumjua kama mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Leo tumtazame kama mwanasiasa.

Jina lake halisi ni Muhammad bin Khalfan al-Barwani; alizaliwa Lindi, karibu mwaka 1855. Akiwa Ujiji alishirikiana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, na katika miaka ya 1880 watu wake wakapiga kambi hapa Uvira. Kutoka huku walivuka kwenda Burundi kutafuta pembe na watumwa, ingawa milimani mfalme Mwezi Gisabo aliwazuia. Wapo wanaomsifu kwa sababu alipigana na Wabelgiji. Mimi simsifu. Ni kweli watu wake walimzingira Kapteni Jacques, Mbelgiji, kule Albertville mwaka 1892, lakini walikuwa wakitetea biashara ya binadamu.

Uingereza ya karne ya 18 nayo ilikuwa na mabwana walioufanya utawala kuwa mali yao. Mwenye ardhi alikuwa na kiti cha bunge kama alivyokuwa na zizi la farasi: Old Sarum, kilima kilichohamwa, kiliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka mwaka 1832. Walau ardhi ile ilikuwa yake. Mabwana wetu walitawala huku wakajenga kwingine. Tippu Tip alikubali ugavana wa Stanley Falls kutoka kwa Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, mwaka 1887, kisha akarudi kuzeekea Unguja, mwenye mashamba saba, inavyosimuliwa, na watumwa elfu kumi. Rumaliza aliposhindwa na majeshi ya Dhanis, kamanda wa Leopold, Januari 1894, alikimbilia upande wa Wajerumani. Baadaye akamshitaki Tippu Tip mahakamani, akidai fungu lake la mali ya ushirika. Mabwana wawili wakagombania utajiri uliotoka huku. Je, mtu wa Uvira alipata nini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, akija depite kuomba kura na kuahidi viwanja, mwulize kwanza nyumba yake iko wapi. Kama ni Kinshasa au Bujumbura tu, kura yako mpe mwingine.