Ndege Inapochelewa Jioni: Swala na Swaumu ya Msafiri

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, tulikuwa tunarejea Dar es Salaam baada ya siku sita za darsa mjini Geita. Tiketi zetu zilikuwa za nauli nafuu, na ndege ilipangwa kuondoka Mwanza saa 11 jioni. Tulipofika uwanjani tukaambiwa itaondoka saa 12:30, kisha saa 2, na mwisho ikawa saa 3 usiku. Jua lilipozama ndugu mmoja alisimama pembeni ya ukumbi, akatuswalisha Maghribi, kisha papo hapo akatuswalisha Isha rakaa mbili. Waliomfuata walikuwa watu wa aina mbalimbali: vijana wa migodini kutoka Geita na Kakola, mfanyabiashara wa Shinyanga, na wazee wawili wakazi wa Ilemela, mji ambao uwanja wenyewe umo ndani yake. Wote walitoa salamu kwa rakaa mbili.

Sisi tulijua kwamba swala ya Isha ya wale wazee haikusihi, lakini tulinyamaza kwa kuchelea mabishano mbele za watu. Kunyamaza kule lilikuwa kosa letu, na makala hii ni sehemu ya kulirekebisha.

Msafiri ni nani?

Ruhusa ya kupunguza swala imetajwa katika Qur'ani, Suratun Nisaa, aya ya 101, na imefafanuliwa na Sunna. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, ruhusa hiyo haipatikani kwa nia tu. Ni lazima safari iwe ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama zetu wanazikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Vile vile ni lazima msafiri awe ameshayapita majengo ya mji anaokaa. Kuwa na tiketi mfukoni hakumfanyi mtu msafiri, wala kufunga mizigo.

Kwa hiyo, katika ukumbi mmoja wa abiria hukmu zinaweza kuwa tofauti.

Kwanza, mkazi wa Geita. Huyu ameshatoka mjini kwake, amepita Sengerema na kuvuka ziwa kati ya Busisi na Kigongo. Zamani alivuka kwa kivuko, na tangu Juni 2025 anapita juu ya daraja. Ameshakwenda zaidi ya kilomita 100, na mwisho wa safari yake ni Dar es Salaam. Huyu ni msafiri bila shaka. Ndivyo alivyo pia mtu wa Shinyanga au Kahama.

Pili, mkazi wa Dar es Salaam anayerudi kwake. Huko Geita alikaa siku sita kwa nia, na aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa mkazi na anatimiza swala. Lakini alipoyapita majengo ya Geita safari yake ilianza upya. Akiwa uwanjani Mwanza ni msafiri.

Tatu, mkazi wa Mwanza au Ilemela. Huyu bado yumo mjini kwake. Hapunguzi wala hakusanyi kwa sababu ya safari mpaka ndege iruke na kuuacha mji. Wale wazee wawili waliswali Isha kabla ya wakati wake kuingia, tena wakaipunguza, hali ya kuwa hawakuwa na ruhusa ya lolote kati ya hayo mawili.

Ni kweli kwamba Ibn Abbas (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwahi kukusanya swala akiwa Madina pasi na hofu wala mvua, na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Imamu Nawawi ametaja kwamba baadhi ya maimamu, akiwemo Ibn al-Mundhir, wameruhusu mkazi kukusanya kwa haja, maadamu hakufanya mazoea. Lakini hata kwa kauli hiyo mkazi hapunguzi. Na haja yenyewe hapa haipo: wakati wa Isha unaendelea hadi alfajiri ya kweli, na safari hii ni ya saa moja na nusu hivi. Anaweza kuiswali kwa utulivu akifika.

Kusubiri kusikojulikana mwisho

Wengi huuliza: Je, ndege ikiahirishwa hadi kesho au keshokutwa, ruhusa inaendelea? Mafakihi walilijibu swali hili kabla ya kuwepo ndege, kwa kuwa misafara ilisubiri maji, marafiki na usalama wa njia, na majahazi yalisubiri upepo. Mwenye kungoja jambo analolitarajia kila saa, asijue litatimia lini, anapunguza swala hadi siku 18 katika kauli yenye nguvu ya Mashafii. Msingi wake ni kukaa kwa Mtume (s.a.w.) Makka mwaka wa Ufunguzi, mwaka wa 8 Hijria, ambapo Imran bin Huswayn (r.a.) amepokea kuwa alipunguza kwa masiku 18. Basi mtu wa Geita akilazwa hotelini Mwanza kwa sababu ya ndege, ruhusa yake haikatiki.

Kukusanya na masharti yake

Msafiri anaweza kuitanguliza Isha katika wakati wa Maghribi. Masharti yake ni manne: aanze na Maghribi, anuie kukusanya akiwa ndani ya swala hiyo ya kwanza, azifuatanishe bila mwanya mrefu, na safari iwe inaendelea mpaka aanze ya pili. Maghribi haipunguzwi, bali ni rakaa tatu daima. Akishamaliza, hata safari ikifutwa baadaye, swala yake ni sahihi.

Anaweza pia kuichelewesha Maghribi hadi wakati wa Isha, lakini ni lazima anuie hivyo kabla ya wakati wa Maghribi kutoka. Mwenye kuiacha bila nia yoyote, akijisemea tu kuwa ataswali akifika, ameipoteza swala. Na hapa pana mtego kwa mkazi wa Dar es Salaam: uwanja wa huko umo ndani ya mji, kwa hiyo akitua safari yake imekwisha. Akiwa hajaziswali, Maghribi yake inakuwa kadha, na Isha anaitimiza rakaa nne. Kwake yeye, kutanguliza akiwa Mwanza ndiyo salama zaidi.

Ugumu mkubwa ni pale ndege inaporuka karibu na machweo. Mwanza jua huzama takriban kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi. Aliyepanda saa 12:30 hawezi kutanguliza, kwa kuwa Maghribi haijaingia. Huyu aombe kwa adabu nafasi ya kusimama nyuma ya ndege. Kibla kutoka eneo hili ni kaskazini, na kwa kuwa ndege inaelekea kusini-mashariki, kibla kitakuwa kushoto kwa abiria, nyuma kidogo. Akizuiwa, na akichelea wakati kutoka, aswali kitini kwa kadiri awezavyo kwa kuheshimu wakati, kisha airudie akishuka.

Kufuturu angani

Mwezi wa Ramadhani linazuka swali jingine. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya digrii 6 za longitudo, na kila digrii ni dakika 4. Ndiyo maana jua huzama Dar kabla ya Mwanza, kwa dakika zipatazo 17 mwezi Desemba hadi 33 mwezi Juni. Zaidi ya hayo, aliye juu angani huliona jua baada ya walio chini kulikosa. Basi abiria afuate adhana ya Mwanza, ya Dar, au jua analoliona dirishani?

Az-Zayla'i, mwanachuoni wa Kihanafi, ametaja kisa cha fakihi aliyefika Iskandaria akaulizwa kuhusu mtu aliyepanda mnara wa mji ule, naye bado analiona jua ilhali kwa watu wa chini limeshazama. Alijibu kuwa wa chini wanafuturu na wa juu hafuturu, kwani kila mmoja anawajibika kwa kilichopo kwake. Hukmu ya abiria wa ndege ni hiyo hiyo. Lakini aliyekwisha kufuturu Mwanza baada ya jua kuzama, kisha ndege ikapaa akaliona tena, wanazuoni wa zama zetu wamesema hana haja ya kujizuia, kwani ameshaikamilisha siku yake.

Na yule wa Geita aliyeondoka nyumbani baada ya alfajiri akiwa amefunga, Mashafii hawamruhusu kufungua siku hiyo kwa sababu ya safari tu. Mahanbali wanamruhusu.

Nasaha

Maimamu wa kanda hii wana waumini wengi wanaosafiri kwa ndege kwa sababu ya kazi za migodi. Wawafundishe haya msikitini, kabla ya tiketi kukatwa. Na yeyote anayetangulia kuswalisha uwanjani aulize kwanza: nani msafiri na nani mkazi? Swali hilo halichukui hata dakika moja.

Tukiwa angani tuliinuka tukawaendea wale wazee wawili, tukawaeleza na kuwaomba radhi kwa kunyamaza kwetu. Mmoja alitutazama kwa muda, akauliza kama wakati bado upo. Tukamwambia upo hadi alfajiri. Tulipotua walikwenda kutawadha. Kwa kuwa walikwishauacha mji wao, na Dar walikuja kwa siku mbili tu, safari hii rakaa mbili zilikuwa haki yao.

Wallahu a'lam.